Kununua Fimbo ya Kwanza ya Puli kwa Pesa Kidogo

Jioni Mikumi, malori yakishaegeshwa pembeni ya barabara kuu ya Iringa, mipira ya puli husikika kabla hujaiona meza. Ukifika unakuta wachezaji wanasubiri zamu, na ukutani zimeegemezwa fimbo tatu au nne za mwenye meza. Watu saba wanaitaka ile moja nzuri. Aliyeikosa anashika iliyobaki, anapiga, mpira mweupe unakwenda usikotumwa, na anaambiwa hajui kucheza. Pengine anajua, ila mkononi ameshika mti uliopinda.

Nilikuwa miongoni mwa hao hadi usiku mmoja dereva wa lori la Tunduma alipoweka sarafu yake na kungoja. Zamu yake ilipofika hakugombea fimbo. Alizichukua zote nne, akazilaza juu ya kitambaa cha meza, akazisukuma kwa kiganja moja baada ya nyingine. Tatu zilibingirika huku ncha zikiruka juu na chini kama mkia wa mjusi uliokatika. Ya nne, iliyochubuka rangi na kufungwa utepe mweusi wa fundi umeme kwenye kitako, ilikwenda kimya mpaka ukingoni. Akaichukua hiyo. Kutoka kwenye kasha la kiberiti akatoa kipande cha msasa kisichozidi ukubwa wa stempu, akaikwaruza ngozi ya nchani mara kadhaa, akapaka chaki. Nilipomuuliza alinijibu, "Mdogo wangu, hizi tatu zimepinda. Hata mimi zingenifunga."

Basi wewe unayeanza, mwenye pesa kidogo, uliyeamua kuwa na fimbo yako mwenyewe, nakusihi ulishike hili kabla ya mengine: pesa yako inunue unyoofu wa mti na ngozi nzuri ya nchani. Ukivipata hivyo viwili umepata fimbo. Ukivikosa, hata kama kitako kina nakshi za dhahabu na picha ya tai, umenunua pambo.

Najua puli imesemwa sana. Mwaka 2016 Rais John Magufuli aliwakemea hadharani vijana wanaocheza saa za kazi, na kuhusu saa za kazi hakukosea. Lakini huu ni mchezo wenye chama chake cha taifa, TAPA, na kwa miaka kadhaa ulikuwa na mashindano ya nchi nzima yaliyodhaminiwa na bia ya Safari. Aliyeshinda shambani au gereji tangu alfajiri ana haki ya kuucheza jioni, tena kwa kifaa kisichomdanganya.

Kabla ya kuulizia bei, ijue kwanza meza yako. Fimbo huchaguliwa kwa mpira, na mipira haifanani. Kuna mipira mikubwa ya mtindo wa Kimarekani yenye kipenyo cha milimita 57, na midogo ya mtindo wa Kiingereza ya milimita 51. Kuipima ni rahisi: weka mpira juu ya meza, usimamishe vipande viwili vya mbao au viberiti viwili, kimoja kila upande, viuguse mpira bila kuubana, kisha pima kwa rula ya shule nafasi iliyo kati yake. Angalia pia mpira mweupe. Kwenye baadhi ya meza za sarafu mweupe huwa mdogo kuliko wenzake, kama milimita 48, na ndivyo mashine inavyoutambua na kuurudisha kwako badala ya kuumeza.

Kwa mipira ya milimita 57, tafuta ncha yenye upana wa milimita 12 hadi 13. Kwa midogo, 9 hadi 10 zinatosha; ncha nene juu ya mpira mdogo inakuzibia mahali unapotaka kugusa, hasa ukitaka kuupiga chini ili urudi nyuma. Na kama leo unacheza Kilosa mjini, kesho Mikumi, na meza hazifanani, chukua ya milimita 11 au 12. Haitakuwa kamili popote, lakini haitakuangusha popote.

Sasa pesa. Tuseme umejiwekea shilingi 80,000. Usiimalize yote kwenye fimbo. Toa kwanza pesa ya ngozi mbili za akiba, chaki nzuri, msasa na gundi, kisha uone nauli. Inayobaki ndiyo ya fimbo. Nimewaona wengi wakimaliza akiba yote kwenye fimbo, halafu wanacheza miezi sita juu ya ngozi iliyokufa kwa kukosa hela ndogo ya kubadilisha. Fimbo ya bei ya chini yenye ngozi mpya iliyochongwa vizuri hupiga vizuri kuliko ya bei mara tatu yenye ngozi ngumu kama kwato.

Na kama hata hiyo 80,000 haipo, usikate tamaa. Zungumza na mwenye meza. Fimbo za meza zikichakaa huwekwa stoo, na mara nyingi zinatupwa kwa sababu ngozi imetoka au kitako kimepasuka, si kwa sababu mti umepinda. Omba uzikague. Ukipata moja iliyonyooka, ununue kwa bei ya makubaliano, seremala akusaidie kitako, ngozi ubadilishe mwenyewe. Mimi nilianza hivyo na nilicheza nayo karibu miaka miwili.

Kuukagua unyoofu kuna njia mbili, na nakushauri uzitumie zote. Ya kwanza ni ya dereva yule, kuibingirisha. Lakini ina mtego: meza nyingi za baa hazijasawazishwa, na kitambaa kikiwa na mikunjo hata fimbo nzima itaonekana inacheza. Dukani tumia kabati la kioo la kuwekea bidhaa. Kioo hakina mabonde. Ilaze fimbo ikiwa imeungwa, ibingirishe polepole, na uangalie mwanga unaopita chini ya mti karibu na ncha. Kwa kuwa fimbo ni nyembamba mbele na nene nyuma, mwanga kidogo hauwezi kukosekana, hivyo usishtuke. Kinachotakiwa ni mwanga huo usibadilike. Ukiona unapanuka, unafumba, unapanuka tena, irudishe kabatini. Kama ni fimbo ya vipande viwili, fungua, ubingirishe kila kipande peke yake. Wakati mwingine vipande vyote ni vizima na kilichopinda ni maungio.

Njia ya pili ni ya seremala. Mtazame anavyochagua mbao: anaweka ncha moja karibu na jicho, anafumba jingine, anaangalia urefu wote wa ubao. Fanya vilevile. Weka kitako chini ya jicho, ncha ielekee ukuta mweupe au dirisha lenye mwanga, kisha izungushe fimbo taratibu mkononi. Mstari ulionyooka hubaki ulivyo. Uliopinda utaona ncha inatembea, kushoto, juu, kulia, chini. Mwenye duka akikuharakisha, mshukuru na uondoke. Duka lenye fimbo nzima halina sababu ya kuogopa jicho lako.

Ukiwa umeisogeza hivyo karibu na uso, tazama pia nyuzi za mti sehemu ya mbele. Fimbo nyingi nzuri hutengenezwa kwa mepo, mti mweupe wenye nyuzi zisizoonekana sana, au ashi, wenye mistari inayochora mishale mirefu kuelekea nchani. Za bei ya chini hutumia ramini au miti mingine. Usibabaishwe na jina la mti kwa pesa uliyo nayo; angalia nyuzi zinakokwenda. Zikienda sambamba na fimbo mpaka mwisho, mti huo una nafasi nzuri ya kubaki umenyooka. Zikikata mshazari na kutokea pembeni, hata kama leo umenyooka, masika yakija utajipinda kwa kufuata nyuzi zake.

Hili la masika nimeliona kwa macho yangu. Fimbo yangu ya kwanza ya dukani niliinunua kiangazi kwa sababu ya uzuri wa kitako chake. Nyuzi za mbele zilitoka pembeni kabisa, na sikujua kwamba ni kasoro. Niliiegemeza kwenye kona ya chumba, unyevu wa Machi na Aprili ukaingia, na mvua zilipokatika ilikuwa imeinama kama upinde. Kilosa iko kwenye bonde la Mkondoa, na anayeishi pale anajua nguo zinavyokaa siku tatu kwenye kamba bila kukauka. Mti nao unakunywa hewa hiyohiyo.

Kwa sababu hiyo sizidharau fimbo za bei ya kawaida zilizofunikwa faiba juu ya mti. Hazina hisia tamu ya mepo mkononi, na wapenzi wa mchezo huzinunia, lakini zinastahimili unyevu vizuri, na kwa anayelala chumba cha mabati bondeni huo ni ubora mkubwa. Za alumini ziache. Zikigonga ukingo wa meza zinabonyea, na zikishabonyea hazirudi.

Kuna wanaouliza kama mafundi wetu hawawezi kuchonga fimbo nzima hapahapa. Kitako wanaweza, tena kizuri. Mninga ukikauka vizuri hautembei, kila seremala wa Morogoro atakwambia hivyo, na mkerezaji mwenye mashine nzuri atakutolea kitako cha kujivunia. Mpingo una uzito wa ajabu, kipande chake kikavu huzama majini, kwa hiyo utumike kidogo tu kuongeza uzito nyuma. Sehemu ya mbele ndiyo ngumu: inatakiwa iwe nyembamba, nyepesi, yenye kunyumbulika na kurudi. Hapo tafuta ya kiwandani, hata iliyotumika.

Ngozi ya nchani ni kitu kidogo kuliko kifungo cha shati, lakini ndiyo pekee inayougusa mpira. Zamani fimbo zilipiga kwa mti mtupu, na ukiugusa mpira pembeni ilikuwa lazima uteleze. Mfaransa François Mingaud ndiye anayetajwa kuanzisha ngozi nchani mwanzoni mwa karne ya 19, na kuanzia hapo mchezaji akaweza kuuambia mpira mweupe urudi, ufuate au ukate kona. Kwa hiyo ukikagua fimbo, bonyeza ngozi kwa ukucha. Ikiingia kama mpira wa kufutia, ni laini mno, itabonyea na kusambaa haraka. Ukucha usipoacha alama kabisa na uso unang'aa, imekuwa ngumu. Unataka ya kati, iliyovimba kidogo katikati kama mgongo wa kobe. Ukisimamisha sarafu yenye upana wa karibu sentimita 2 kando ya ngozi, mviringo wake ulingane na wa sarafu.

Kuna ngozi za kufunga kwa skrubu na za kubandika kwa gundi. Za skrubu hulegea katikati ya mchezo na kutoa mlio wa kukera. Ningekushauri uchukue fimbo ya kubandika, kwa kuwa kazi hiyo utaiweza. Kata ngozi ya zamani kwa wembe. Sugua kichwa cha kile kipande cheupe kinachobeba ngozi mwisho wa mti kwenye msasa uliolazwa juu ya kitu bapa, mpaka kiwe sawa kabisa bila gundi ya zamani. Sugua na upande wa chini wa ngozi mpya. Chukua ngozi pana kidogo kuliko ncha, tia tone moja la gundi kali, bandika katikati, kandamiza kwa kidole gumba, halafu uiache usiku kucha, hata kama gundi imeandikwa inakauka kwa dakika. Asubuhi geuza fimbo, ngozi iwe chini juu ya kipande cha mbao, na upunguze kingo kwa wembe mkali, ukikata kuelekea chini, kidogo kidogo, ukizungusha. Malizia kwa msasa kupata ule mgongo wa kobe. Ya kwanza utaiharibu. Ndiyo maana nilisema ngozi mbili za akiba.

Chaki ya puli usiibadilishe na ya ubaoni, wala usisugue ncha kwenye chokaa ya ukuta kama tunavyoona kila siku. Ile ya bluu haifanani kabisa na ya darasani. Wamarekani William Spinks na William Hoskins waliipatia hataza mwaka 1897, na ndani yake kuna unga wa silika na chembe ngumu za kukwaruza, ndizo zinazoishika ngozi na mpira kwa ule muda mfupi wa kugusana. Chokaa ya ukuta huteleza. Paka kwa kupitisha chaki juu ya ngozi kama unapaka rangi, si kuichimba katikati mpaka ifanye shimo.

Uzito na urefu nitavipitia haraka. Urefu wa kawaida ni sentimita 145 hadi 147, na mtu mzima wa kimo chochote cha kawaida anaumudu. Uzito uwe kati ya gramu 510 na 595. Anayeanza akae karibu na gramu 540. Mizani ya duka la nafaka itakupa jibu. Kisha iweke fimbo juu ya kidole kimoja mpaka isimame bila kuinama: mahali hapo pawe sentimita 43 hadi 48 kutoka mwisho wa kitako. Ikisimama mbele sana, mkono wako wa nyuma utachoka kuizuia isichomoke.

Kuhusu fimbo ya kipande kimoja au viwili, kipande kimoja kina makosa machache, na kwa bei ileile huwa na mti bora, kwa kuwa hukulipia skrubu. Lakini fikiria unasafiri nayo vipi. Ukiwa unakwenda kwa bodaboda kutoka Kilosa kupitia Ulaya hadi Mikumi, mti wa mita moja na nusu mgongoni ni hatari kwako na kwa wapita njia. Kwa mtu wa safari, vipande viwili. Ukivikagua, funga skrubu mpaka mwisho na uangalie maungio dhidi ya mwanga: pasionekane hata uzi wa mwanga kati ya nyuso mbili. Halafu ishike fimbo katikati kwa vidole viwili na ukigonge kitako taratibu kwa ngumi. Fimbo nzima hutoa sauti moja fupi. Ikitetema kama redio iliyolegea spika, kuna kitu hakijashika, na kwa bei ya chini hakuna fundi atakayekirekebisha kwa faida yako.

Nakshi, stika, pete za rangi na jina la kampuni lililochapwa kwa herufi kubwa havina kazi. Majina makubwa huigizwa, na stika ni rahisi kuchapa. Ukikuta fimbo mbili za bei moja, moja ya kupendeza na nyingine ya kawaida, ile ya kawaida ndiyo iliyopewa nafasi ya kutumia pesa kwenye mti.

Kwa ununuzi wenyewe, nenda mwenyewe. Usiagize fimbo kwa picha ya simu halafu uletewe kwenye buti la basi chini ya magunia. Kutoka Mikumi hadi Morogoro ni kama kilomita 120 kwa kupita katikati ya hifadhi ya Mikumi, unakwenda na kurudi siku hiyohiyo. Aliye Kilosa ana bahati zaidi siku hizi: tangu treni ya umeme ya SGR ianze safari za Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024, Kilosa ina kituo chake, na maduka ya vifaa vya michezo ya Kariakoo si ya kuhadithiwa tena. Nenda na rula, kipande cha msasa, na rafiki mwenye macho mazuri.

Ukirudi nayo, itafutie nyumba. Mkoba wa fimbo una bei. Bomba la plastiki la maji la inchi 3, lenye urefu wa sentimita 80 na vifuniko viwili, linafanya kazi hiyohiyo. Kila kipande kivishe soksi ndefu au kipande cha kitenge ili visigongane. Usiliache bomba hilo juani wala kwenye gari lililofungwa, kwa kuwa joto hulegeza gundi ya ngozi. Nyumbani usiegemeze fimbo ukutani. Ilaze bapa juu ya kabati, au uining'inize kwa uzi, mbali na paa. Ukimaliza kucheza ifute jasho kwa kitambaa kikavu. Cha maji hapana, kamwe, kwa sababu mti uliolowa huvimba nyuzi zake na unaanza kukwaruza mkono.

Na utakapoingia nayo kwenye meza kwa mara ya kwanza, watu watataka kuishika. Waache waishike, waibingirishe, waitazame kwa jicho moja, hao ni wenzako. Lakini pigo la kwanza la kuitawanya ile mipira 15 usilipige nayo. Pigo hilo ndilo linalopasua kile kipande cheupe na kuitandaza ngozi mpya. Chukua ukutani fimbo nzito ya mwenye meza, hata kama imepinda kidogo, itawanye mipira nayo, uirudishe mahali pake, halafu uchukue yako.